Ujumbe Usiokunywa Maji

Kizwite, Sumbawanga
11 Februari 2024

Mwanangu Herieth,

Habari za huko kambini? Sisi tupo, ingawa mvua haitupi nafasi ya kuanika hata kitambaa. Mahindi yamebeba vizuri. Kaka yako Cleophas anakusalimu; bado anatafuta kazi, na kazi bado inamkwepa. Rahel ameanza darasa la kwanza. Mwalimu wake aliniita kulalamika kwamba mtoto akiulizwa swali anasimama wima na kupiga saluti kwanza. Nilimjibu kwamba mama yake ni mwanajeshi, na kwamba wapo watoto wasiosimama kabisa. Huyu mwanao ananiuliza mama anapigana na nani. Mimi jibu sina, ukilipata uniandikie.

Mzigo ulioagiza nimempelekea Mwasiti dukani kwake Majengo, aupandishe basi kama kawaida. Kuna migebuka mikavu ya ziwani, unga wa ulezi, na ule udongo.

Sasa tuongee kuhusu udongo. Herieth, mtu haagizi udongo wa kula kutoka Sumbawanga hadi huko uliko ili akandike ukuta. Mara ya mwisho uliponiomba udongo, tulimpata Rahel. Baba yake, yule kijana wa Wampembe, alivuka ziwa kwenda kununua nyavu na mpaka leo bado ananunua. Dada yangu alipofariki nilikulea wewe. Rahel alipofikisha miezi minne ulirudi kambini ukamwacha mgongoni kwangu, na sikunung'unika, kwa sababu kazi ni kazi. Lakini udongo tena?

Niambie mwenyewe kabla sijaambiwa na watu. Kwenye simu usijaribu. Unajua simu yangu ni ya Cleophas, na Cleophas hupokea kwa spika ili mtaa mzima ufaidi.

Yule afisa wenu, Kapteni Urbano, aliyekusindikiza Krismasi akala jogoo wetu na kuniita mama, msalimie sana. Yule kijana ana adabu.

Nasubiri, na unajua sijui kusubiri.

Mama yako mdogo,
Jenifa


Kambini
3 Machi 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Mzigo umefika salama. Migebuka imenukia bweni zima mpaka wenzangu wamenipachika jina la Ziwa. Mwambie Rahel mama yake hapigani na mtu, analinda. Wiki hii nimelinda stoo ya magodoro, lakini hilo usimwambie.

Ni kweli. Natarajia mwezi wa tisa. Nakuomba usiniulize mimba ni ya nani. Si kwamba simjui. Namjua kuliko ninavyopenda. Nikimtaja, atakayeumia ni mimi.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Nilikuwa nimeteuliwa kwenda kozi ya usajini. Nimeingoja kozi hiyo miaka, mama mdogo. Kwenye shabaha nawazidi wanaume wa kombania yangu, na wao wenyewe wanalijua. Nimekimbia na mzigo mgongoni, nimelala porini na homa, sikuwahi kuomba nihurumiwe. Nilipojijua, nilikwenda mwenyewe kutoa taarifa kama utaratibu unavyotaka. Nilitegemea nitasogezwa hadi kozi ijayo, kwa sababu ndivyo walivyofanyiwa wenzangu walioolewa. Mimi nimeondolewa kabisa. Nimeambiwa nina mwenendo usiofaa. Koplo mmoja wa kiume, mwenye watoto wanne kwa wanawake watatu, ndiye aliyechukua nafasi yangu, akaondoka jana na begi lake huku akipigiwa makofi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwaka. Wakishaandika kwamba sina mwenendo, hakuna wa kuniongezea mwingine. Hapo mimi, Rahel, huyu ajaye na wewe mwenyewe tutabaki kula upepo wa Kizwite.

Nimekuambia wewe tu. Cleophas asijue.

Salamu kwa Kapteni nimezifikisha.

Mwanao,
Herieth


Kizwite
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Herieth,

Kabla ya yote, sisi ni wazima. Leo tumeandamana na matawi yetu hadi kanisani chini ya manyunyu, na Rahel amerudi na kikohozi. Nimempa maji ya moto na tangawizi, amelala. Wiki nzima nilikuwa shambani nafukia majani kwenye matuta ya ntumba. Kiuno changu sasa ni cha mtu mwingine.

Cleophas anajua. Sikumwambia mimi, alinikuta nimekaa na barua yako nikilia, akaisoma. Amesema umetutia aibu. Nilimuuliza ni aibu gani hiyo inayokula unga ulionunuliwa kwa mshahara wako kila mwezi. Akatoka nje.

Sasa nisikilize. Hasira niliyokuwa nayo juu yako imehama. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika hapo kwenye mwenendo usiofaa, damu inanichemka. Mimba moja wameifanya wawili. Imekuwaje mwenendo ubaki kwa mmoja? Huyo mwenzako hana mwenendo? Au yeye alipita tu?

Acha hiyo kazi urudi nyumbani. Hatukukupeleka huko ukatukanwe. Ardhi tunayo, mikono tunayo, na nyumba ya mama yako haijaanguka.

Halafu kuna utaratibu, na wewe umezaliwa humu, unaujua. Mimba hupelekwa kwa mwenyewe. Wazazi wa msichana wanakwenda, wanakaa, wanasema, wanajibiwa. Na msichana akipata mimba akiwa anaishi kwenye nyumba ya watu, anayeulizwa kwanza ni mwenye nyumba, maana yeye ndiye aliyekabidhiwa. Wewe unaishi kwenye nyumba ya serikali. Una mkubwa wako hapo, alikupokea ukiwa mzima. Kama hutaki kumtaja mwenye mimba, basi nitamuuliza mwenye nyumba.

Sitanii. Nijibu kabla mahindi hayajakauka.

Jenifa


Kizwite
12 Mei 2024

Herieth,

Hukunijibu. Nimengoja Pasaka ikapita, na wiki baada ya wiki Mwasiti akawa ananitikisia kichwa kila nikitokea mlangoni kwake. Rahel amepona, ameng'oka jino la mbele na anadai utumiwe wewe. Nimelifungia kwenye barua hii.

Nilikuja. Nadhani hawajakuambia, kwa hiyo nakuambia mimi.

Nilikwenda na mama Salome, mwenyekiti wetu wa jumuiya, kwa sababu mtu haendi peke yake kwenye jambo kama hili. Cleophas alikataa, alisema jeshini hakuendwi na khanga. Tukalala Mbeya, tukaendelea, tukafika getini kwenu asubuhi ya siku ya tatu. Nilikuwa nimevaa kile kitenge cha harusi ya mama yako. Nilimwambia askari wa getini kwamba tumetoka Ufipa, tumekuja kuonana na mwenye nyumba. Akauliza mwenye nyumba gani. Nikamwambia, mkubwa wenu nyote.

Alikuwa binti mdogo, mpole. Alitutoa juani, akatuonyesha benchi, akatuletea maji kwenye jagi. Tukayakataa. Akadhani tunaogopa si safi, akanywa yeye kwanza ili tuone. Nilimhurumia, lakini ujumbe wa mimba haunywi maji ya nyumba unayoihoji mpaka ujibiwe, na kama hakufundishwa hilo na mama yake, si kazi yangu kumfundisha getini. Nilimwambia tu kwamba maji tutakunywa tukishamaliza.

Akapiga simu ndani. Akarudi akasema mkubwa ana kikao, na wewe hupo, umetoka kikazi mbali, haijulikani utarudi lini. Tukasema tutangoja. Tulikaa bila kunywa hadi jua likaanza kushuka, midomo ya Salome ikapasuka. Mwisho akaja mwanamume mwenye mabega mapana akasema hapo si mahali pa raia kukaa, tuondoke. Nikamuuliza kama ndivyo anavyomfukuza mama yake mzazi. Tukaondoka.

Ninachokasirikia si njia wala kiu. Nakasirika kwamba nilifika kwenye nyumba anayoishi mwanangu nikaondoka bila hata kuulizwa jina. Mkuu wa nyumba gani huyo?

Hiyo kazi yako ya mbali imekwisha? Una afya? Mtoto anacheza? Andika hata mstari mmoja.

Jenifa


Kambini
2 Juni 2024

Mama mdogo, shikamoo. Na mama Salome umpe shikamoo yangu, ikiwezekana kwa magoti.

Jino la Rahel nimeliweka kwenye mfuko wa shati la kombati. Mimi nina afya, na huyu wa ndani anacheza mpaka wenzangu wanamwona kupitia nguo.

Barua yako ya Matawi sikuijibu kwa sababu ya woga. Niliogopa kwamba nikikuandikia neno lolote utalisoma jina katikati. Basi leo nakuandikia yote.

Siku uliyokuja sikuwa mbali. Nilikuwa stoo, hatua chache kutoka getini, nahesabu mablanketi. Ulikaa kutwa nzima karibu yangu na hakuna aliyeniambia.

Kesho yake asubuhi yule binti wa getini alikuwa anatoa ripoti ya zamu yake mbele ya Mkuu wa Kikosi. Alisema walikuja wanawake wawili wazee, hawakuleta fujo, ila walikataa maji kutwa nzima. Mkuu akamsimamisha. Akamuuliza kama ana hakika walikataa. Baadaye binti aliniambia kwamba mzee yule alishika kidevu, akasema kwamba hata kwao, wanawake wakikaa mlangoni mwako na kukataa maji yako, hawakuja kusalimia. Akauliza walimtaka nani na nani aliwaambia hayupo.

Nikaitwa. Ofisini alikuwepo Mkuu, na pembeni yake, kama anavyosimama kila asubuhi na majalada yake, alikuwepo msaidizi wake. Huyo ndiye aliyesema niko mbali. Ndiye aliyependekeza niondolewe kwenye kozi. Na ndiye aliyeniita ofisini kwake mwezi wa pili akanitaka niandike kwamba mimba ni ya raia niliyekutana naye likizo. Nilipokataa aliniambia, "Wewe una mtoto mmoja tayari bila ndoa. Neno lako na langu, wataamini lipi?" Nilitoka pale nikiamini amesema kweli, mama mdogo. Ndiyo sababu nilikaa kimya miezi yote hii.

Mkuu alinieleza jinsi mlivyokaa getini kutwa mkikataa maji, akaniuliza kwa upole wale wamama ni nani wangu. Nikasema ni mama zangu. Akaniuliza wamekuja kumtafuta nani. Nikakuwaza umekaa kwenye benchi na midomo mikavu, na mimi nimeshiba chai.

Nikasema, "Huyu hapa, afande."

Kapteni Urbano majalada yalimtoka mikononi. Hakukana. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kusemwa mbele yake.

Mkuu amesema suala litachunguzwa. Sijui litaishia wapi.

Nisamehe kwa zile salamu nilizokudanganya kwamba nimezifikisha.

Herieth


Kizwite
16 Juni 2024

Mwanangu,

Baridi imeingia na upepo wake, tunavuna mahindi tukiwa tumejifunga mashuka. Rahel mzima.

Urbano. Nilimpa paja la jogoo. Cleophas alimpisha kiti. Alinawa mikono kwa maji niliyommiminia mimi mwenyewe, akaniambia mama, usijali, binti yako huko yuko mikononi mwangu. Na mimi nikamshukuru! Tangu nisome barua yako sijaweza kumwangalia jogoo yeyote.

Umefanya vizuri kumtaja. Ungemtaja mapema ningemfuata yeye na ukuni wa motoni badala ya kumfuata mkuu wake na kitenge. Huyo mkuu wako nimemsamehe nusu. Nusu nyingine inangoja jibu lake.

Cleophas nimemsomea. Jana alinisaidia kupukuchua mahindi bila kuombwa.

Mama yako mdogo,
Jenifa


Kambini
30 Juni 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Natumaini mahindi yameingia ndani. Mimi miguu imevimba, nimepewa ruhusa ya kuvaa ndala. Mwambie Rahel anichoree nyumba. Picha zake za mwanzo nimezibandika ukutani.

Jibu limekuja. Kapteni amehamishiwa kikosi kingine kwa manufaa ya kazi. Ndivyo ilivyosemwa. Amekwenda na cheo chake, na jioni kabla ya kuondoka wenzake walimchinjia mbuzi. Mimi nimefutiwa lile neno la mwenendo usiofaa, na hilo nalishukuru, lakini nimepewa onyo. Kozi ijayo inaanza mwezi wa tatu mwakani. Nimeambiwa nikiwa tayari jina langu litarudishwa, ila Mkuu aliniuliza, na sidhani kama aliniuliza kwa ubaya, nitawezaje na mtoto wa miezi sita. Kapteni hakuna aliyemuuliza atawezaje.

Kozi ni miezi, mama mdogo, na wewe una Rahel na shamba na kiuno kibovu. Siwezi kukutupia mtoto wa pili nikaita hiyo kazi. Halafu kambi imebadilika. Nikiingia mezani watu wanapunguza sauti. Wapo wanaosema nimemharibia mtu mzuri maisha.

Mwisho wa Julai natakiwa kusema kama nataka mkataba uongezwe. Nimeamua kusema sitaki. Nitajifungua, mwaka ukiisha nitakuja. Uliniambia mwenyewe ardhi ipo na mikono ipo. Niandalie jembe.

Herieth


Kizwite
14 Julai 2024

Koplo Herieth,

Leo sikusalimu kwanza. Barua hii Mwasiti ameahidi kuipandisha basi la kesho alfajiri, kwa hiyo niache niseme lililonileta.

Jembe sikuandalii.

Ni kweli mwezi wa tatu nilikuambia uache kazi urudi. Nilisema kwa uchungu, na wakati ule sikujua ni nani nilikuwa namwachia uwanja. Sasa najua. Yule bwana kaondoka na nyota zake mabegani na nyama ya mbuzi tumboni, na wewe unataka uondoke na ndala? Akisikia umeacha mwenyewe, atawaambia watu nini? Atasema, mnaona, hakuwa askari yule, alikuwa mwanamke tu aliyetafuta mume. Na watamwamini, kwa sababu wewe hutakuwepo. Wanaopunguza sauti mezani waache wapunguze. Kula ushibe, ongeza chai.

Mimi na Salome hatukukaa na kiu kutwa nzima ili uje kunisaidia kupalilia. Tulikuja kudai, na kilichodaiwa kimetoka nusu. Hiyo nusu ya pili ni hiyo kozi. Ukitokea hapa Kizwite mwisho wa mwaka bila mkataba, Herieth, sitakufungulia mlango. Utalala kwa Mwasiti kati ya magunia ya mchele.

Umeulizwa utawezaje na mtoto wa miezi sita. Mwambie Mkuu wako jibu linatoka Ufipa kwa basi. Njoo ujifungulie hapa, ule, ulale, siku zako za uzazi ziishe. Ukirudi kambini mimi narudi nawe, na Rahel, na mtoto. Nimeshamtuma Mwasiti aulize kwa wale ndugu zake wa mabasi, wameniambia nyuma ya kambi yenu kuna mtaa wenye vyumba vya kupanga. Nitapanga kimoja. Rahel atasoma hukohuko. Unga wa ulezi nitakuja nao, na asubuhi nitauza uji kwa askari, akiwemo yule binti wa getini, ambaye nitampa bure. Wewe utakwenda kwenye hiyo kozi yako na kila siku ukiwa huko utajua mtoto ameshiba. Mimi sijawahi kuishi mahali pengine zaidi ya hapa na joto la huko nililionja siku ile getini, linaivisha ugali. Nitalizoea.

Usinijibu kwamba ni mzigo. Sijakuuliza.

Cleophas nimemwambia jana. Alisema kaka mtu hawezi kuachwa peke yake na shamba lote lile na nyumba. Nikamwambia shamba ni lake, avune, auze, ale. Akauliza nani atakuwa anampikia.

Nikamwambia apike.

Mimi ninayekukataza kurudi,
Mama mdogo Jenifa